Wifi, umesema hulikumbuki

Wifi yangu,

Nilikuwa nimejiapiza kwamba haya nitakuandikia kwenye simu, yabaki yetu wawili. Lakini wewe hukusema tukiwa wawili. Ulisema kwenye arobaini ya Mama mkwe, dua imeshasomwa, pilau linasubiri kupakuliwa, baba wakubwa wote wamekaa pale mkekani: "Mimi hilo silikumbuki. Labda aliota, na yale madawa yake." Watu wakacheka. Kaka yako naye akacheka, kile kicheko chake cha kutaka mambo yaishe. Basi na mimi nasemea hapa, kwenye watu.

Madawa ya saratani yangu ya ziwa yalikuwa hayajaanza siku ile, wifi. Ilikuwa Jumapili. Dripu ya kwanza ilikuwa Jumatatu asubuhi, na wewe ndiye uliyekuwa umetenga nauli juu ya friji.

Siku mbili tatu kabla, daktari alikuwa amenieleza taratibu, kaka yako akiwa pembeni. Alisema saratani haiambukizi na wala haipiti kwenye maziwa. Kinachopita ni dawa. Ikishaingia kwenye damu ya mama inaingia na kwenye maziwa, na kwa mtoto ni sumu. Kwa hiyo nyonyesha mpaka siku ya mwisho kabla ya dripu, halafu basi. Nikahesabu. Siku ya mwisho ikawa hiyo Jumapili, kwako Mbagala.

Sikutaka kumpaka mwanangu shubiri. Sikutaka aachishwe kwa uchungu ulimini, kama tulivyoachishwa sisi. Nilitaka ashibe vizuri ziwa la kulia, lile zima, alale, kesho akiamka akute uji na mimi niko hospitali. Nilioga, nikavaa deraa lile la kijani ulilonipa, nikakaa kwenye kochi la dirishani. Mama alikuwa chini anachambua mchele. Yule jirani yako wa nyumba ya pili alikuwa amekuja kunipa pole. Mtoto alikuwa ameanza kusinzia huku ananyonya, anachezea kifungo changu kama kawaida yake.

Ukatoka jikoni na mikono ina tui. Ukasema, "We! Unamlisha mtoto saratani?" Ukamchomoa. Meno mawili ya chini alikuwa ameshaota, na hukungoja aachie. Ukaondoka naye mpaka uani, unamfuta mdomo kwa pindo la khanga, unamfuta na ulimi. Mimi nikabaki na ziwa nje, maziwa yanatiririka kwenye deraa. Jirani akageukia ukutani, kwenye kalenda. Mama hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Mara mbili nilikuja kumfuata, na mara zote mbili uliniwekea mkono mlangoni. Usiku nilikamua bafuni, nikamwaga.

Hilo ndilo ulilosema hulikumbuki.

Najua uliogopa. Ungekuja siku ya pili ukasema "wifi, niliogopa," ningekuandalia chai. Kila mtu aliogopa. Kuna shemeji yetu mmoja, simtaji, aliyeanza kukiosha kikombe changu peke yake. Woga sina neno nao. Ila lile lilikuwa titi la mwisho la mwanangu, na wewe hukuniuliza hata neno moja. Ungeuliza ningekujibu. Majibu nilikuwa nayo kwenye karatasi, ndani ya pochi iliyokuwa ubavuni kwangu.

Na bado, wifi, ni nani aliyenibeba? Wewe. Alfajiri tunatoka Mbagala, unagombana na konda ili nipate siti ya dirishani, Posta tunashuka, tunachukua bajaji mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road. Pale ng'ambo ya barabara bahari inapiga, wewe unaniambia nivute hewa, nivute hewa, kana kwamba hewa ndiyo dawa. Ile doksorubisini, ile dripu nyekundu, iliponitoa mkojo mwekundu ulipiga kelele ukadhani navuja damu. Nesi alikuwa ametueleza, wewe ulikuwa umekwenda kununua maji. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto ulininyoa kwa mkono wako, ukanifunga kilemba, ukasema kumbe nina kichwa kizuri kuliko nywele zilizokuwa zikikificha. Mdomo ulipokuwa na ladha ya sarafu na chakula hakipandi, ulinitafutia embe mbichi na chumvi msimu ambao embe hazipo. Sijui ulizitoa wapi mpaka leo.

Mwanangu alilala kwako miezi yote ile. Nilipotoka kukatwa, akaweka kiganja pale palipokuwa na ziwa la kushoto, akatazama huku na huku. Hata kuzungumza sawasawa hajui. Ukamwambia, "Limeliwa na paka." Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma. Amekua anaogopa paka, na mwaka huu yuko chekechea, bado akimwona paka anashika kifua. Hilo lako. Utamweleza mwenyewe.

Ndiyo maana sijaweza kukuchukia, ingawa kwa ile Jumapili nimejaribu.

Ulisema na lingine pale mkekani, kwa sauti ya chini, lakini mimi masikio sikukatwa. Ulisema, "Angewahi hospitali." Niliwahi. Niliona kigumu kwenye ziwa mtoto akiwa bado hajakaa, nikaenda zahanati wiki ile ile. Wakasema maziwa yameganda, kanda kwa maji ya moto, mnyonyeshe hilo hilo, wakanipa vidonge. Na nani alinikanda? Si wewe, na taulo, na beseni? Mama anayenyonyesha ana vinundu asubuhi na jioni, ataanzaje kuwaza saratani, tena na umri wangu ule? Nilirudi tena zahanati. Nikaongezewa vidonge. Shirika la Afya Duniani, kwenye mpango wake wa mwaka 2021, linataka mwanamke apate jibu ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha afya. Mimi hizo 60 zilipita nakandwa. Waliponipima altrasaundi na kuchukua kinyama, tezi za kwapani zilikuwa zimeshaguswa.

Kwa hiyo ukikutana na mzazi mwenye ziwa gumu, usimwambie "angewahi". Mwambie hivi: kigumu kisichoyeyuka mtoto akishanyonya, na ambacho dawa za wiki mbili hazikukigusa, kipimwe, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi. Asikubali kukandwa mwezi mzima. Na asiogope kuitwa msumbufu. Mimi nilikuwa na adabu nyingi mno mbele ya watu wenye makoti meupe. Walichoniambia nilifanya, na ningefanyaje? Sikusomea udaktari.

Ile chupa ya mizizi uliyoitoa Mkuranga nilimwaga, na najua uliikuta tupu ukafurahi. Tulishaambiwa kwenye ukumbi wa dripu, na wewe umekaa, kwamba ini linahangaika na kemo, yale madawa ya dripu, na lisiongezewe mambo mengine. Pesa yako uliyompa mganga inaniuma, lakini singekunywa.

Na kwenye arobaini sikuinua sufuria wala sikukuna nazi si kwa sababu ninajidai mgonjwa. Mkono wa kushoto hauna tezi. Nikiutumikisha sana unavimba, pete hazipiti.

Sasa lile unaloniuliza kila tukionana, tena mbele ya kaka yako: "Lini mtamletea mwenzake?" Kinyama changu kilionyesha saratani inayolishwa na homoni. Namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu ina dawa yake, tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5, pengine 10. Nikiwa nakimeza, sitakiwi kushika mimba, maana kinaweza kumdhuru mtoto. Daktari amenieleza kuna utafiti uliotoka mwaka 2023, wanawake vijana waliomeza dawa mwaka mmoja na nusu au zaidi wakaisimamisha kwa muda wakazaa, na kwa miaka ya mwanzo saratani haikuwarudia zaidi ya wenzao. Tunalizungumza, mimi na kaka yako, usiku, taa ikiwa imezimwa. Likiwa tayari utaliona kwa macho. Mpaka hapo usiniulize mbele ya watu, na usimtafutie kaka yako maneno pembeni. Nimesikia. Mbagala si mbali.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia, na lililonikalisha hapa bado.

Mlisema nimeleta ugonjwa huu kwenye ukoo wenu. Mimi kwetu nimeuliza bibi mpaka bibi, hayupo. Lakini kwenu yupo shangazi yenu wa Muheza, aliyekufa na kile mnachokiita jipu la ziwa. Jipu gani linakaa miaka miwili, linatoka kwapani? Nilipomtaja, daktari akaacha kuandika. Akasema kwa binti yetu upande wa baba unahesabiwa sawasawa na upande wa mama, kwa sababu vinasaba vinavyobeba hatari hii baba anaweza kuvipitisha bila yeye kuugua. Watu wengi husimulia upande wa mama tu, wakamsahau shangazi wa mume.

Kwa hiyo na wewe umo, wifi. Damu ni yako kabla ya kuwa ya mwanangu. Nenda ukapimwe. Nauli nitatoa mimi, na konda nitagombana naye mimi.

Mama ameondoka, kaka yako alikuwa mdogo, na katika waliomuuguza shangazi umebaki wewe peke yako. Daktari anataka kujua vitu viwili: alikuwa na umri gani kilipoanza, na kama ilikuwa ziwa moja au yote mawili. Nina miadi mwisho wa mwezi. Niandikie kwenye simu, hayo mawili tu, mengine kama hutaki acha.

Wifi yako.