Hedifoni za kuogelea: kutoingia maji hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia ulipotaja hedifoni za michezo, zile za waogeleaji zilisifiwa kwa jambo moja tu: haziingii maji. Mimi hufundisha watu wazima kuogelea, na sifa hiyo naiona ikiwaponza. Mtu huja na hedifoni mpya, simu akaiacha kwenye benchi, akajitosa. Kichwa kikizama muziki unakatika, akikiinua, unarudi. Anaondoka akiamini ameuziwa kifaa kibovu, kumbe ni kizima.

Kinachokata muziki ni maji yenyewe. Bluetooth, inayoleta muziki kutoka kwenye simu bila waya, hutumia mawimbi ya redio ya takriban gigahezi 2.4, na maji huyanyonya upesi mno. Sentimita chache tu zinatosha kuyamaliza. Kwa hiyo hata simu isiyoingia maji, ukiifunga kiunoni, haisaidii. Mwogeleaji anahitaji hedifoni yenye hifadhi yake ya ndani, na nyimbo azinakili humo akiwa bado nchi kavu. Ziwe mafaili yake mwenyewe, ya MP3 kwa mfano, maana nyimbo za kusikiliza kwa intaneti hazitamfuata majini. Hili ndilo la kwanza kumwambia mnunuzi, kabla ya rangi na bei.

Hata alama za IPX mlizozichapa, zinazoonyesha kifaa kinavyostahimili maji, zilihitaji maelezo. IPX7 maana yake kifaa kimestahimili kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji. Majaribio hayo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini, kwa hiyo kifaa kisuuzwe kila ukitoka, kikauke kabisa, ndipo kichajiwe.

Mimi napendelea zile zinazopitisha sauti kwenye mifupa. Hukaa mbele ya sikio, na mtetemo wake hupita kwenye fuvu hadi sikio la ndani. Ukiziba masikio kwa vizibo vya kuogelea, besi inajaa vizuri sana. Zile za kuchomeka sikioni hutegemea kuziba barabara. Maji yakipenya kidogo tu, sauti inafifia. Nina mwanafunzi, mama mtu mzima, aliyekuwa akichoshwa na kwenda na kurudi bwawani hadi akawa anatoka mapema. Siku hizi huchagua wimbo wa mwendo wa polepole, mikono ikaufuata, na pumzi yake imetulia kuliko nilivyoweza kumtuliza kwa maneno. Nilifurahi mno.

Lakini alikuwa ameshajua kuogelea. Anayeanza simruhusu, kwani anapaswa kusikia pumzi yake ikitoka majini, na kunisikia mimi. Baharini na ziwani simruhusu mtu yeyote: boti huja kutoka nyuma, na filimbi ya mwokozi haina maana kwa aliyeziba masikio. Hata kanuni za mashindano ya triathloni, yaani ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, zinakataza hedifoni. Makala yenu ilipambwa kwa picha ya kijana aliyevaa hedifoni, yuko peke yake mbali na ufuo, bila boya. Naomba msiichape tena.

Mwalimu wa kuogelea