Vibonzo vya mwaka vichapishwe, na tarehe zake

Ndugu Mhariri,

Toleo lenu la kufunga mwaka nimelisoma lote, kuanzia orodha ya matukio ya kila mwezi hadi kurasa za picha, na ni dhahiri kwamba walioliandaa walitoka jasho. Kitu kimoja tu sikukiona, na kila nikilifunua upya bado sikioni: hakuna hata kibonzo kimoja. Mwaka mzima mchoraji wenu ametupatia, toleo baada ya toleo, kile kipande cha ukurasa wa maoni ambacho wengi wetu tunakisoma kabla ya tahariri (waandishi wa tahariri watanisamehe), lakini ilipofika siku ya kuhesabu yaliyopita akaachwa mlangoni, kana kwamba kazi yake ilikuwa kutuchekesha tu na sasa wakubwa wanataka kuzungumza mambo ya maana. Naandika kuomba kwamba safari ijayo msifanye hivyo, na kwamba mtakapovichapisha vibonzo hivyo msivichapishe vikiwa uchi. Neno hilo nitalieleza.

Orodha ya matukio hutuambia kilichotokea. Kibonzo hutuambia kile ambacho kila msomaji alikuwa anakijua asubuhi ile, kwa sababu kibonzo hakielezi, bali kinachukulia kwamba unajua. Mchoraji akimchora waziri mkuu amekalia kiti kilichobaki na miguu mitatu, haandiki chini yake kwamba kiti ni serikali ya mseto na mguu uliokatika ni chama kilichojitoa juzi. Anakuachia wewe umalizie, na hapo ndipo kicheko kinapotoka. Kwa hiyo atakayevipanga vibonzo vya mwaka kwa mfuatano wake atapata kitu ambacho hakimo katika orodha yoyote, yaani yale yaliyokuwa vichwani mwa watu bila kuambiwa. Atayapata pia mambo ambayo orodha haina pa kuyaweka kwa kuwa hayana siku yake maalumu: bei inayopanda kidogo kidogo, ahadi inayosogezwa mbele kila mwezi, kamati iliyoundwa kuchunguza kamati nyingine. Hakuna tarehe ambayo watu walimchoka kiongozi fulani, ila iko siku mchoraji alianza kumchora akiwa mdogo kuliko kiti chake, miguu inaning'inia, na tangu siku hiyo hakumrudishia kimo.

Mwaka 1939 unatosha kuonyesha ninachosema. Vitabu vitakupa tarehe: 23 Agosti, Ujerumani na Umoja wa Kisovieti zinatia saini mkataba wa kutoshambuliana, 1 Septemba, Ujerumani inaivamia Poland, 17 Septemba, jeshi la Kisovieti nalo linaingia kutoka mashariki. Siku tatu baadaye, katika gazeti la Evening Standard la London, David Low aliwachora Hitler na Stalin wakikutana mbele ya maiti iliyolala kati yao, kofia mikononi, wakiinamiana kwa adabu za kupindukia, huku kila mmoja akimsalimu mwenzake kwa tusi lilelile alilokuwa akimrushia kwa miaka. Tarehe zote tatu ni sahihi na muhimu, lakini hazimo ndani yake zile nyuso za watu waliofungua gazeti na kujiuliza ni lini hasa maadui hawa walipatana. Katika mchoro wa Low zimo.

Hata hivyo mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ufaransa. Mfalme Louis-Philippe alishika kiti cha enzi mwaka 1830, na maumbile yalikuwa yamempa mashavu mazito chini na kichwa kilichosongeka juu. Charles Philipon, mwenye jarida la La Caricature, alipofikishwa mahakamani mwaka 1831 kwa kumdhihaki mfalme, alijitetea kwa kuchora vichwa vinne: cha kwanza mfalme mwenyewe, cha pili mfalme aliyeanza kulegea, cha tatu kitu ambacho si mtu wala si tunda, na cha nne tunda la pea, basi. Akauliza kama kosa ni kufanana, je, pea nalo litashtakiwa? Alifungwa. Mwaka uliofuata mchoraji wake, Honoré Daumier, akafungwa naye kwa kumchora mfalme kama jitu linalomezeshwa vikapu vya fedha za maskini. Lakini pea lilikwisha kutoka mikononi mwa mahakama, likawa linachorwa kutani na watu ambao hawakuwahi kushika jarida hilo. Na mwaka 1834, gazeti jingine la Philipon, Le Charivari, lilipoamriwa kuchapisha hukumu iliyotolewa dhidi yake, liliichapisha neno kwa neno kama lilivyoamriwa, ila herufi zikapangwa katika umbo la pea. Leo msomaji asiyemjua hata waziri mmoja wa mfalme huyo huenda analijua pea lake.

Serikali yenyewe ilikuwa imeelewa. Sheria iliyopitishwa Septemba 1835 ilirudisha sharti la kupata kibali kabla ya kuchapisha mchoro, ilhali maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Mwandishi aliweza kuandika kwanza na kushtakiwa baadaye, mchoraji alipaswa kubisha hodi kwanza. Sikumbuki sifa kubwa kuliko hiyo ambayo dola imewahi kuwapa wachora vibonzo, ingawa nadhani wao wangependelea sifa ya namna nyingine.

Sasa nifike kwenye uchi. William Tweed, kigogo wa siasa za jiji la New York aliyehusika na ufujaji mkubwa wa fedha za umma, alichorwa kwa miaka na Thomas Nast katika jarida la Harper's Weekly, kitambi mbele, macho madogo, hadi sura yake ikajulikana kuliko maneno yake. Alitoroka kifungoni Desemba 1875, na mwaka 1876 akakamatwa Vigo, nchini Hispania, kwa kutambuliwa kupitia kibonzo cha Nast. Hapo ndipo wapenzi wa vibonzo hupiga makofi, nami nimepiga mara nyingi. Lakini kisa kina nusu ya pili, isiyosimuliwa kwa furaha kama hiyo ya kwanza. Katika mchoro ule Tweed alikuwa amewakamata watu wawili wenye kimo cha watoto, ambao kwa Nast walikuwa vibaka wanaobanwa na sheria huku wezi wakubwa wakipeta. Na inaelezwa kwamba maofisa wa Hispania, wasioielewa habari iliyokuwa nyuma ya mchoro, waliamini wamemkamata mtekaji wa watoto. Sura waliipata, kesi wakaikosa. Kibonzo kilichonyang'anywa habari yake ndicho ninachokiita kibonzo uchi.

Mimi mwenyewe nimo katika kundi la maofisa hao. Nina jalada ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikihifadhi vibonzo nilivyovikata magazetini, na majuzi, baada ya kulikosa nililokuwa nikilitafuta katika toleo lenu, nililishusha nikaanza kupekua. Kimo humo kibonzo kimoja ambacho wanene watatu wameketi kwenye tawi la mti, yule wa katikati anakata tawi kwa msumeno, na wa kushoto anamshikia mwavuli asilowe. Juu ya gunia lililo chini ya mti pameandikwa herufi nne, na pembeni yuko paka ametazama kwingine. Nakumbuka nilivyocheka siku ile mpaka nikamwita mtu chumba cha pili aje aone. Leo siwajui hao wanene, siijui hiyo taasisi ya herufi nne, na sijui paka anahusika vipi. Nilikata kwa mkasi vizuri mno, nikaondoa ukingo wa juu uliokuwa na tarehe. Nikageuza nyuma kwa matumaini, nikakuta nusu ya fumbo la maneno lililojazwa kwa penseli, kwa mwandiko wangu, na jibu moja nililokosea. Ushahidi pekee uliobaki ni kwamba siku hiyo nilikuwa na nafasi.

Kama msomaji aliyecheka kwa mdomo wake mwenyewe anaweza kufikia hapo, atakayekiona kibonzo hicho baada ya miaka hamsini ataanzia wapi? Na hali inazidi kuwa mbaya, kwa kuwa siku hizi mkasi uko mkononi mwa kila mwenye simu. Kibonzo hukatwa juu ikaondoka tarehe, kikakatwa chini ikaondoka sahihi ya mchoraji, kisha kikazunguka kwenye makundi hadi siku litokapo tukio jipya linalofanana kidogo na lile la zamani, kikaletwa mezani kama cha leo asubuhi. Watu hucheka, na kicheko ni cha kweli, lakini kumbukumbu iliyobaki ni ya uongo.

Nitaulizwa kama kweli dhihaka inaweza kuitwa kumbukumbu, na swali ni la haki. Kibonzo hupendelea upande na hutia chumvi, na chumvi hiyo huweza kudumu kuliko chakula chenyewe. James Gillray wa Uingereza alimchora Napoleon kama kijitu kifupi chenye hasira na kofia kubwa, na hadi leo wapo wengi wanaoamini kwamba Napoleon alikuwa mfupi kupita kiasi, ilhali alikuwa na kimo cha kawaida kwa wanaume wa wakati wake. Tena mshale huweza kumkosa aliyelengwa: Vicky, jina la kalamu la Victor Weisz, alimchora Waziri Mkuu Harold Macmillan mwaka 1958 kama shujaa arukaye angani na joho lake, akikusudia kumsuta, na mchoro ukaishia kumjengea jina. Lakini haya hayanipi sababu ya kuvitupa vibonzo, yananipa sababu ya kuviwekea maelezo. Hotuba nayo hupendelea upande, na bado tunaihifadhi neno kwa neno. Tofauti ni kwamba hotuba huhifadhiwa pamoja na jina la msemaji na siku aliyoitoa, ilhali kibonzo kinatarajiwa kijitegemee.

Ombi langu basi ni dogo. Mtakapofunga mwaka ujao, chagueni vibonzo kumi na viwili, au ishirini kama nafasi ipo, na chini ya kila kimoja wekeni tarehe kilipotoka pamoja na sentensi moja au mbili za kueleza wiki ile kulikuwa na nini: nani amekaa kwenye tawi, gunia ni la nani. Sentensi hizo ziandikwe na mtu aliyekuwepo chumba cha habari wakati huo, tena ziandikwe sasa, kwa maana baada ya miaka mitatu naye atakuwa amesahau paka. Msichague vilivyochorwa vizuri kuliko vyote. Chagueni vile ambavyo watu walivizungumza, hata kama mkono wa mchoraji ulikuwa na haraka siku hiyo, na msione haya kuweka kimoja au viwili ambavyo mchoraji alibashiri akakosea, kwa kuwa kosa la ubashiri linaonyesha vizuri zaidi watu walikuwa wanatarajia nini. Ningependa pia kuona kimoja mlichokikataa, lakini hapo najua naomba makuu.

Na jina la mchoraji liandikwe kamili, si ule mkwaruzo wa pembeni peke yake. Naji al-Ali, Mpalestina aliyemchora mtoto Handala akiwa ametupa mgongo, alipigwa risasi London Julai 1987 na akafariki mwezi uliofuata. Ali Ferzat wa Syria alishambuliwa Damascus Agosti 2011 na mikono yake ikavunjwa. Waliowafanyia hivyo walijua vizuri sana nani amechora nini; msomaji naye ajue.

Najua kwamba magazeti makubwa yanaelekea upande mwingine. New York Times liliacha vibonzo vya siasa vya kila siku katika toleo lake la kimataifa kuanzia Julai 2019, na tuzo ya Pulitzer, ile ya uandishi wa habari ya Marekani, iliyoanza kuwa na kundi la vibonzo vya tahariri mwaka 1922, ililiunganisha kundi hilo na michoro ya namna nyingine mwaka 2022, karne moja kamili baadaye. Gazeti lako bado lina mchoraji na bado linampa nafasi yake. Kazi iliyobaki ni ya kurasa mbili kwa mwaka na jioni chache za kupekua matoleo ya nyuma.

Nimeambatisha nakala ya kile kibonzo cha wanene watatu. Sina hakika hata kama kilitoka kwenu. Kama yupo hapo ofisini anayewakumbuka, hasa yule mwenye mwavuli, nitashukuru kupata mstari mmoja, na kama inawezekana, paka pia.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi