Barua ya malalamiko: Fomu ya kurasa nne ambayo hamkuisoma

Mombasa,
21 Agosti 2023

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Kwa Bwana/Bi,

KUH: SAFARI YA FAMILIA YETU NAIROBI, 11 HADI 13 AGOSTI

Nimewapigia simu mara mbili wiki iliyopita, na mara zote mbili nikaambiwa nitapigiwa. Barua pepe niliyotuma tarehe 14 haijajibiwa hadi leo. Kwa hivyo naandika tena, safari hii kwa urefu, ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Mwezi wa Juni niliwalipa shilingi 318,000 mtupangie siku tatu za kifahari jijini Nairobi: babangu, mamangu na mimi. Katika ankara yenu, shilingi 45,000 kati ya hizo ni ada ya kupanga safari. Ada hiyo ndiyo kiini cha barua hii. Hoteli ningeweza kuitafuta mwenyewe, na gari vilevile. Nilichonunua kwenu ni mtu wa kukaa na kusoma tunachotaka, kisha alinganishe saa, barabara na nyakati za kufunguliwa kwa kila mahali ili wazee wasihangaike.

Wazazi wangu walioana mwaka 1973, na maisha yao ya ndoa yalianzia Nairobi. Baba alikuwa fundi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Waliishi Muthurwa kwenye nyumba za reli hadi 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ndipo wakarudi Mombasa. Safari hii ilikuwa zawadi ya miaka 50 ya ndoa yao. Mlipotuma fomu yenu ya kurasa nne, tulikaa sebuleni jioni nzima kuijaza. Baba alisema, mimi nikaandika, Mama akawa anasahihisha. Sijawahi kuwaona wakibishana kwa furaha namna ile, huyu akisema duka fulani lilikuwa kona hii, yule akisema la, lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Tuliandika kwamba tutafika kwa treni. Tuliandika kwamba Mama ana maumivu ya goti, kwa hiyo chumba kiwe chini na gari liwe la kuingilika bila kupanda. Tuliandika kwamba chakula kiwe halali, na jiko liwe halali pia. Baba aliomba mambo mawili: Makumbusho ya Reli, kisha adhuhuri aswali Msikiti wa Jamia, alikokuwa akienda kila Ijumaa ujanani. Mama aliomba Biashara Street, aliponunua kanga zake za kwanza akiwa bibi harusi, kwa sababu miaka yote hii anazilinganisha na zile za Mtaa wa Biashara wa kwetu Mombasa na alitaka kumaliza ubishi huo kwa macho yake. Mimi niliomba tuwaone ndovu yatima wa kituo cha Sheldrick siku ya Jumapili. Jibu lenu, ninalo hapa, lilisema: "Yote yamezingatiwa."

Ijumaa treni iliingia Syokimau saa nane na dakika chache, na hatukumkuta mtu. Nilipompata dereva kwa simu, alikuwa Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ameshika bango lenye jina letu, kwa sababu karatasi aliyopewa na ofisi yenu ilisema tunakuja kwa ndege. Tulimsubiri dakika hamsini, Mama akiwa ameketi juu ya sanduku. Alipofika, gari lilikuwa lile refu la kwendea mbugani, lisilo hata na kidaraja cha kukanyagia. Mamangu ana miaka 70. Mimi na dereva tulimpandisha kwa kumshika kwapani mbele ya abiria wote wa treni, naye alijifunika uso kwa mtandio kwa haya.

Kutoka hapo tukafuata Mombasa Road ya chini, kwenye msongamano wa Ijumaa jioni, wakati ile Expressway inayotoka Mlolongo hadi Westlands ikipita juu ya vichwa vyetu. Ankara yenu imetutoza ada ya barabara hiyo. Dereva alisema kwa upole kwamba hakupewa pesa ya kulipia. Hapa nataka jambo moja lieleweke vizuri: dereva huyo ni kijana mwenye adabu, alituomba radhi kwa makosa yasiyo yake, na sitaki aguswe kwa sababu ya barua hii. Ni yeye aliyenionyesha karatasi ya ratiba. Juu yake palikuwa na jina la familia nyingine limekatwa kwa kalamu, na letu limeandikwa pembeni. Fomu yetu hakuwahi kuiona.

Tuliyokutana nayo baadaye yote yalitoka kwenye karatasi hiyo. Chumba kilikuwa kizuri, sitasema uongo, lakini kilikuwa juu ya ngazi kumi na nne. Tulipouliza habari za jiko, mhudumu wa hoteli alikuwa mkweli. Alituambia nyama ya nguruwe inachomwa juu ya chuma kilekile cha kuku, na kwamba hakuna aliyewajulisha kitu. Usiku ule, wa kwanza wa sherehe yao, wazazi wangu walikula matunda na mkate.

Jumamosi ndiyo siku inayoniuma. Tuliamka mapema tukajua asubuhi ni ya katikati ya mji. Gari likaelekea Lang'ata. Tukalisha twiga, tukapelekwa nyumba ya zamani ya mwandishi Karen Blixen, kisha tukakaa saa nzima na dakika ishirini katika duka la vinyago ambalo hatukuliomba. Twiga ni wazuri na nyumba ile ina historia yake, na atakayeviomba anastahili kupelekwa. Lakini kumtoa mzee Mombasa, anakoishi karibu na wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, ili mkamuuzie kifaru wa mbao Nairobi, ni jambo ambalo mtu aliyesoma fomu yetu asingelipanga. Adhuhuri ilitukuta humo dukani. Baba aliswali kwenye varanda, juu ya kikoi.

Tulifika Makumbusho ya Reli saa kumi na moja na robo. Lango lilikuwa limefungwa.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, na Baba aliyazoea alipokuwa kazini, kwa hivyo kwake ni kama kumtembelea jamaa. Ndani yake lipo lile behewa ambalo mkaguzi wa polisi, Charles Ryall, alivutwa na simba kupitia dirishani pale stesheni ya Kima mwaka 1900. Tulipokuwa wadogo Baba alitusimulia kisa hicho kila umeme ulipokatika. Alitaka kuniwekea mkono kwenye dirisha lenyewe. Badala yake alisimama kwenye ua, akaanza kunitajia injini zilizoonekana kwa mbali, hii ilikuwa ya mizigo, ile ilipanda na abiria. Kisha akanyamaza. Bawabu alimwonea huruma lakini hakuwa na ufunguo. Tulipita karibu na Biashara Street bila kusimama, kwa kuwa maduka mengi yalikuwa yamekwisha kufunga, na minara ya Jamia tukaiona kupitia kioo cha gari.

Nawaambia kilichotuokoa, kwa maana nadhani kinawahusu kikazi. Jioni ile niliita teksi mwenyewe, gari dogo la chini, tukaenda Eastleigh. Tulikula wali wa Kisomali na nyama ya ngamia, na ndizi mbivu pembeni ya sahani, Baba akapiga soga na wazee wawili wa meza ya jirani, mmoja akiwa ameishi Majengo miaka ya sabini. Mama alichagua madera mawili kwenye duka la ghorofa ya chini, muuzaji akampa kiti na chai ya viungo kabla hata hajauliza bei. Yote hayo, pamoja na teksi ya kwenda na kurudi, hayakufika shilingi 9,000. Ndiyo Nairobi niliyotaka kuwalipia. Mji ule ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli penye maji baridi ya Wamaasai, na tangu hapo watu wa kila asili wameweka vyungu vyao hapo: Wagujarati wa Parklands, ambao serikali iliwatambua pamoja na Wahindi wenzao kuwa kabila la 44 la Kenya mwaka 2017, Wahabeshi wa Kilimani na mikate yao ya injera, wachoma nyama wa Kenyatta Market, na Waswahili wa Pumwani. Kampuni inayouza Nairobi kwa bei ya kifahari inapaswa kujua mahali hapa na kumfikisha mteja kwa wakati. Ninyi mlitupitisha pembeni ya mji siku nzima.

Jumapili nitaieleza kwa ufupi. Ndovu wa Sheldrick huonyeshwa umma saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita, na kwa kuagiza mapema. Mnaijua saa hiyo kuliko mimi. Ratiba yenu ilituingiza Bustani ya Taifa ya Nairobi saa nne, muda ambao mtu wa mbugani amekwisha kurudi kunywa chai, na tukafika kwa ndovu zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Isitoshe, kiingilio cha bustani mmetutoza cha wageni wa kutoka nje. Sisi sote watatu ni raia, nakala za vitambulisho mnazo tangu Juni, na ujumbe wa malipo ya langoni unaonyesha mlilipa kiwango cha raia. Tofauti hiyo kwa watu watatu inazidi shilingi 17,000, nayo imebaki kwenu.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie ada yote ya upangaji, shilingi 45,000, kwa sababu upangaji haukufanyika. Tofauti ya viingilio vya bustani. Ada ya Expressway ambayo hatukuipita. Na gharama ya chakula cha usiku wa siku mbili ambacho hakikulika hotelini. Sidai pesa za kitanda wala za mafuta ya gari, maana tulilala na tulisafirishwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya maelezo anayohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma hiyo, na haki ya fidia anapopata hasara, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mteja kwamba huduma ni hivi ilhali ni vile. Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita, nitalipeleka jambo hili Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na pia kwa mamlaka inayowapa leseni. Nisingependa kufika huko. Hata hivyo nitafika.

Nahitaji pia barua ya kuomba radhi, kwa Kiswahili, iliyoandikiwa Baba na Mama kwa majina yao. Mama hataki pesa. Alichosema tukiwa kwenye treni ya kurudi ni, "Mwanangu, kwani hawakuona tulivyoandika?" Sikuwa na jibu la kumpa, na swali hilo ni lenu kulijibu.

Nimeambatisha ankara, ujumbe wa malipo ya langoni, picha ya karatasi ya ratiba na risiti za teksi. Fomu ya kurasa nne nimeiambatisha tena. Atakayejibu barua hii naomba aisome kwanza.

Wako mwaminifu,

Binti yao, kwa niaba ya familia