Kabla gari halijapimwa moshi, jua kwanza lilitolewa nini

Wateja wanaotuletea magari hapa gereji Tabata kwa shida ya moshi huja na sababu tofauti. Kuna anayejiandaa na ukaguzi wa stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama. Kuna aliyepata tenda akaambiwa gari lisilopimwa haliingii saiti. Na kuna aliyesimamishwa na trafiki huku wingu jeusi likiwa bado linaning'inia nyuma ya gari, akakosa hata neno la kujitetea. Wote huuliza swali moja: "Fundi, nibadilishe nini ili lipite?"

Sisi tunaanza na swali jingine: gari hili limetolewa nini? Kwenye haya magari ya Japani yaliyojaa mjini, IST, Vitz, Premio, Noah, injini iliyochoka kabisa hatuioni kila siku. Kinachoangusha gari kwenye kipimo mara nyingi ni kifaa kilichowekwa kiwandani, kikaja kung'olewa hapa mjini na mtu aliyeamini anasaidia.

Anza na themostati. Gari likichemsha mara moja tu kwenye foleni ya Ubungo, siku hiyo hiyo themostati inatupwa, na maelezo ni yale yale: "Hii ni ya nchi za baridi, Dar joto lake haihitaji." Sasa sikiliza kazi yake. Themostati inazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifike joto la kufanyia kazi. Kwenye injini ya IST, 1NZ-FE, huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Gari linalokimbia Barabara ya Bagamoyo alfajiri kuelekea Bunju, upepo wote ukiingia mbele, linaweza lisifike joto hilo safari nzima. Kompyuta inaona injini bado ni ya baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi kana kwamba ndiyo kwanza umewasha. Plagi zinakuwa nyeusi, mafuta yanaisha haraka, na gesi ya monoksidi ya kaboni inapanda.

Na kule kuchemsha kwa mwanzo? Mara nyingi chanzo kilikuwa feni isiyozunguka, mfuniko wa rejeta uliolegea, au rejeta iliyoziba kwa sababu miaka yote imejazwa maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, kila mtu anajua ladha yake, lakini tunayamimina kwenye injini. Weka kuulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Na themostati irudishwe.

Cha pili ni masega, na hapa nitasema bila kuzunguka. Masega ni kile kikopo kilichovimba kwenye bomba la ekzosi, ndani kina vijitundu vingi vyembamba vilivyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Gesi chafu ikipita humo ikiwa ya moto, monoksidi ya kaboni inageuka kaboni dayoksaidi, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa kuchomwa, na oksidi za naitrojeni zinavunjwa. Madini hayo yana bei, na wanunuzi wa masega mabovu wapo. Kwa hiyo fundi akikwambia masega yameziba na atakutolea bure, muulize kikopo kinabaki na nani. Ukiona anababaika, una jibu.

Masega huziba kweli, sikatai. Lakini hayazibi yenyewe. Injini inayomisi hutuma petroli mbichi kwenye ekzosi, inaungulia humo, joto linayeyusha vile vijitundu. Injini inayokula oili huyafunika kwa majivu. Ukifunga masega mapya bila kutibu injini, umenunua tatizo lile lile kwa bei kubwa zaidi. Hapa kwetu kabla ya kusema yameziba tunafungua sensa ya oksijeni ya mbele na kupima mgandamizo wa gesi kwenye tundu lake. Ni kazi ya muda mfupi, na imeokoa masega mengi mazima.

Gari likishatolewa masega, taa ya injini kwenye dashibodi huwaka, kwa sababu sensa ya nyuma inaona gesi haijasafishwa. Ndipo kinafuata kitu cha tatu kutolewa: balbu ya hiyo taa. Gari linauzwa na dalali, mnunuzi anaona dashibodi safi, anafurahi. Ukinunua gari, weka swichi "on" bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake pamoja na zile za oili na betri, halafu izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, ongea bei upya.

Kuna na vitu vidogo. Mpira wa kupumua wa injini umekatika, ukazibwa kwa boliti. Boksi la ea klina, chujio la hewa, halina klipu mbili, limefungwa kwa waya, na vumbi la barabara za Goba na Chanika linaingia moja kwa moja. Sensa ya hewa inachafuka, hesabu ya kompyuta inaharibika. Hivi havihitaji hela nyingi, vinahitaji mtu anayeangalia.

Kuhusu rangi za moshi, watu wengi wanajua nusu. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo: ea klina iliyoziba, nozeli ya kupulizia mafuta inayodondosha, sensa ya oksijeni iliyokufa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, acha kuliendesha. Ule mvuke wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache usikukoseshe usingizi, ni unyevu tu.

Ila kuna gari ambalo halitoi moshi hata kidogo na bado linafeli. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Ndiyo maana hatuamini macho, tunaweka mashine ya kupima gesi kwenye ekzosi. Kama rula tunatumia viwango vya Uingereza: gari la petroli lililoanza kutumika kuanzia katikati ya 2002, injini ikizungushwa kwa kasi, monoksidi isizidi asilimia 0.2, na uwiano wa hewa na mafuta ukilinganishwa na ule unaofaa, unaoitwa lambda, uwe kati ya 0.97 na 1.03. Ni viwango vikali, lakini IST yenye masega mazima inavifikia bila jasho. Na kwa sababu gesi hii inaua, ekzosi iliyotoboka chini ya viti isisubiri ukaguzi wowote, hasa kwa wale wanaolala ndani ya gari kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Turudi kwenye moshi wa bluu, maana hapo wengi huambiwa ovahoo, yaani injini ifunguliwe yote itengenezwe upya, kabla ya kitu kingine chochote. Kwanza toa dipstiki. Ile 1NZ-FE inachukua lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta, 3.4 usipobadilisha. Galoni ni lita 4, na mafundi wengi wanamwaga galoni nzima kwa kuwa mteja kailipia. Oili ikizidi, injini inaipiga, inapanda na mvuke kupitia bomba la kupumua, inaingia kuungua. Pili, angalia ni oili gani. Injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 inamiminiwa 20W-50 kwa mazoea, eti nzito ndiyo inalinda. Baada ya hapo ndipo tunaangalia sili za valvu, ambazo zina dalili yake: moshi unatoka kwa mkupuo ukiwasha gari lililolala, kisha unakata. Moshi ukitoka muda wote unapokanyaga mafuta, hapo sasa tuzungumzie ringi za pistoni, na ndiyo, hapo ni ovahoo.

Wenye Noah na Premio za D4 nao wana habari yao. Injini hizo zinapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta na hujaa masizi. Kuzisafisha ni kazi ya kufungua manifoldi, chupa ya dawa ya kumimina kwenye tenki haifiki huko.

Kila mtu husema pia kuwa sheli imemuuzia mafuta machafu. Zamani lawama hiyo ilikuwa na uzito. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba, alama ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa yaliyokuwa yakichanganywa humo ipandishwe 2011, kuchakachua si biashara tamu kama ilivyokuwa. Tunapima nozeli kwanza, sheli tunailaumu baadaye.

Dizeli ni habari nyingine. Coaster, Canter na Hiace zinazomwaga moshi mweusi kila zikipanda kilima cha Kimara, nyingi zimefunguliwa pampu ili zipate nguvu. Nguvu hiyo ni mafuta yasiyopata hewa ya kuungua nayo, unayaona yakitoka nyuma. Pampu ikarekebishwe kwenye mashine yake kwa wataalamu wa pampu, si kwa bisibisi barabarani. Na kwa kuwa dizeli hupimwa kwa kukanyagwa mpaka mwisho mara kadhaa gari likiwa limesimama, hakikisha mkanda wa timingi haujapitiliza na oili ipo. Mkanda mbovu ukikatika kwenye zoezi hilo, moshi hautakuwa tena tatizo lako.

Siku ya kipimo, masega hayafanyi kazi mpaka yapate moto wa nyuzi kama 300. Ukitoka nyumbani kilomita moja, au ukiwa umekaa saa nzima kwenye foleni ya Mandela, yanaweza kuwa bado ya baridi. Zunguka barabara iliyo wazi dakika kama ishirini kwa mwendo wa maana. Usifute makosa kwenye kompyuta asubuhi hiyo ukidhani unaficha. Panapotumika kisomeo, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kitaonyesha kwamba kumbukumbu imefutwa na gari halijajikagua upya. Na vile visomeo vya bei rahisi vya kuunganisha na simu, kwenye magari ya Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 mara nyingi vinashindwa kusoma, usikate tamaa wala usidhani gari ni zima.

Kupima gesi kwetu ni chini ya bei ya plagi nne, na karatasi ya majibu unaondoka nayo hata usipotengenezea hapa. Jumamosi panajaa, katikati ya wiki asubuhi ndiyo pazuri. Ukifika getini usizime injini, piga honi, tutakufungulia.