Tuta la maji taka huharibikia tangini

Ndugu Mhariri,

Mwenye nyumba akiona majimaji yenye harufu yakichuruzika chini ya tuta lake la maji taka, mara nyingi hukimbilia kuongeza udongo. Naomba nafasi niseme kwamba udongo huo hautibu chochote.

Tuta hili ni kilima cha mchanga kinachosafisha maji taka ya nyumba baada ya kupita kwenye tangi linalobakiza tope. Hujengwa mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, mwamba uko juu au udongo wa mfinyanzi haupitishi maji. Lilianzia North Dakota, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, na Chuo Kikuu cha Wisconsin kikaliboresha miaka ya 1970. Kinachosafisha ni mchanga wake. Pampu husukuma maji kwa mafungu hadi kwenye mabomba yenye vitundu vidogo, nayo hushuka polepole mchangani, ambamo bakteria wanaohitaji hewa hula uchafu. Kati ya fungu na fungu, mchanga hupumua.

Tangi lisiponyonywa, tope na mafuta hufuata maji, huziba vitundu na kuukaba mchanga. Kunyonya kila baada ya miaka 3 hadi 5, au mapema zaidi kwa familia kubwa, ni nafuu mno kuliko kujenga tuta upya. Chujio la kutokea tangini nalo lisafishwe. Unga unaouzwa eti unayeyusha tope hauchukui nafasi ya gari la kunyonya, hata muuzaji aape vipi.

Kinachonishangaza zaidi ni watu wanaozima king'ora cha pampu kwa sababu kinawasumbua usingizi! Kikilia, maji yamepanda kwenye chumba cha pampu: pampu imekufa, au boya linaloiwasha limekwama. Punguzeni matumizi ya maji, mwiteni fundi. Asiingie mtu humo kuchungulia, maana hewa yake huua.

Juu ya tuta panatosha nyasi. Miti hupenyeza mizizi kwenye mabomba. Magari na mifugo hushindilia udongo. Maji ya paa yaelekezwe kwingine, na nguo za wiki nzima zisifuliwe siku moja.

Mafundi nao wana deni. Wanapokabidhi kazi, wamwachie mwenye nyumba mchoro, wamwonyeshe mifuniko ilipo na namna ya kusafisha mabomba kupitia ncha zake. Wengi huachiwa ufunguo wa nyumba tu.

Msomaji wenu