Matuta ya Uluguru: wakulima waliujua udongo wao

Mhariri,

Kila inapoandikwa habari ya mmomonyoko katika milima ya Uluguru, hurudiwa kwamba miaka ya 1950 Waluguru waligomea matuta ya ngazi, yaani vipande bapa vinavyochongwa mlimani kama ngazi, kwa uvivu, au kwa kuchochewa na wanasiasa. Tunaomba nafasi tulieleze jambo hilo kwa vipimo, kwa sababu maelezo hayo yanawaonea.

Mpango wa serikali ya Waingereza ulianza mwaka 1950. Lengo lilikuwa kulinda mito ya Ruvu na Ngerengere, inayohudumia mashamba ya mkonge ya tambarare na, mbele zaidi, Dar es Salaam. Kuchoma mashamba kukapigwa marufuku na kuchimba matuta kukawa amri. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa.

Chukua shamba linaloshuka mita 6 kwa kila mita 10 za usawa. Tuta la upana wa mita 2 hapo linadai ukuta wa mita 1.2, na upande wa ndani unachimbwa sentimita 60. Udongo wenye rutuba ukiwa na kina cha sentimita 20 au 30 tu, robo hadi theluthi ya tuta hubaki udongo mwekundu wa chini, na ule mzuri umefukiwa ukingoni. Mahindi upande wa ndani hudumaa na kuwa manjano. Dawa yake inajulikana: tenga kwanza udongo wa juu, chimba, kisha urudishe na kuweka samadi. Lakini hata bila kazi hiyo ya ziada, ekari moja ya mteremko huo ni kuhamisha karibu mita za ujazo 600. Mtu wa jembe anayehamisha mita za ujazo 3 kwa siku angetumia siku 200, na palizi inamngoja. Samadi nayo ingetoka wapi, wakati ng'ombe milimani ni wachache?

Kuna na maji. Upande wa mashariki hupata mvua inayoweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Tuta bapa lisilo na mfereji wa kutolea maji hulowa, ukuta hupasuka, na udongo unaoporomoka huyabomoa matuta ya chini yake. Wenyeji walikuwa na njia nyepesi zaidi: kulaza magugu kwa mistari kukingama mteremko na kuyafunika kwa udongo uliopaliliwa kutoka juu. Magugu huoza yakawa mbolea, na udongo wa juu hubaki juu.

Suala la ardhi ndilo wataalamu wa wakati ule walilipima vibaya zaidi. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na wengi walilima kwa kuazima, wakitoa ngoto, yaani malipo ya kuazima shamba, kwa mkuu wa ukoo. Mwazimaji hana sababu ya kujenga kitu cha kudumu kwenye shamba linaloweza kurudishwa kwa wenyewe, na wenyewe nao waliogopa kwamba anayejenga tuta atadai shamba.

Huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima, matuta yalipokelewa vizuri zaidi, kwa kuwa yalilimwa mboga za kuuzwa mjini na jasho lilirudi kama fedha. Anayesema Waluguru walichukia kila kilichokuwa kipya aanzie hapo.

Julai 1955, huko Matombo, umati uliwakabili watawala. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Baadaye mpango ukaachwa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Iliikuta hasira hiyo, haikuitengeneza.

Tunawaomba waandishi wenu, wanapoeleza habari hii, wataje udongo, siku za kazi na ngoto. Na maofisa wanaopeleka miradi ya matuta milimani leo wachimbe kwanza shimo katika kila shamba na kupima kina cha udongo wa juu. Ukiwa chini ya nusu ya kina watakachochimba upande wa ndani, na hakuna samadi, wasimlazimishe mtu kuchimba tuta hilo.

Wasomaji wenu,
Morogoro