Kabla ya kiwanda cha rojo Kivu, tuyahesabu maboksi ya Kadutu

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapisha hivi karibuni, iliyopendekeza mkoa wetu wa Kivu Kusini, mashariki mwa Congo, ujengewe kiwanda cha rojo la karatasi, yaani uji wa nyuzi za mbao unaotengenezewa karatasi, kitakachotumia mikaratusi iliyotapakaa kwenye vilima vya Kabare na Walungu. Mwandishi wake anastahili shukrani, kwani amegusa swali ambalo sisi wachapaji wa Bukavu huulizana kila bei ya rimu inapopanda: kwa nini mkoa wenye miti ununue kila karatasi kutoka nje? Swali lenyewe ni la haki. Jibu alilolitoa, kwa maoni yangu, lingetugharimu vilima, mto na fedha, na mwisho wake karatasi tungeendelea kuiagiza kutoka nje.

Makala ile haikueleza jinsi mti unavyogeuka kuwa rojo, na hapo ndipo pana ugumu wote. Katika mti mkavu, takriban nusu tu ya uzito ndiyo nyuzi zinazofaa kwa karatasi. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni lignini, yaani gundi inayozishikamanisha nyuzi hizo, nayo haitoki kwa maji ya moto peke yake. Kwa njia ya krafti, iliyobuniwa na Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879 na ambayo bado ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya rojo duniani, vipande vya mbao hupikwa kwa shinikizo, katika joto la sentigredi 170 hivi, pamoja na soda kali na salfidi ya sodiamu. Nyuzi zikishachujwa hubaki maji meusi, mazito, yenye kunuka na yenye sumu kwa samaki. Kiwanda kikubwa huyakausha maji hayo, huyachoma katika tanuru maalumu, hurudisha kemikali zake kazini na kupata umeme wa kujitosheleza, wakati mwingine hata wa kuuza. Tanuru hilo ni miongoni mwa mitambo ya bei kubwa kuliko yote kiwandani, na kiwanda kidogo hakiwezi kulimudu; kwa hiyo kiwanda kidogo humwaga. China ililiona hilo katika bonde la mto Huai, ambako viwanda vidogo vya rojo viliuchafua mto kiasi kwamba mwaka 1996 serikali iliamuru vifungwe.

Kwa sababu hiyo sekta hii imekimbilia ukubwa ambao sisi hatuwezi kuufikiria kwa urahisi. Kiwanda ambacho kampuni ya Suzano ilikifungua mwaka 2024 huko Ribas do Rio Pardo, nchini Brazil, kina uwezo wa kutoa tani milioni 2.55 za rojo kwa mwaka, na kwa kipimo nilichokitaja hapo juu hakiwezi kutosheka na chini ya tani milioni 5 za mbao kavu. Miti yake ni mikaratusi kama yetu, lakini imepandwa kwenye mashamba mapana, hukatwa kwa mashine ikiwa na umri wa miaka 7 hivi, kisha shamba hupandwa upya. Mikaratusi ya Walungu ni ya familia moja moja: safu ya miti nyuma ya nyumba, mingine mpakani mwa shamba la mihogo, ambayo mwenyewe huiuza anapotakiwa kulipa karo ya shule au gharama za hospitali. Huuzwa kama fito, nguzo, mbao na, zaidi ya yote, makaa. Afrika nzima, takriban sehemu 9 kati ya 10 za mbao zinazokatwa huishia motoni. Ni nani atakayemlipa mkulima huyo kumzidi mchuuzi wa makaa, wakati rojo lake litashindana sokoni na rojo la Brazil?

Sitaki kurefusha habari ya vilima, maana waliopatwa na maafa ya mafuriko ya Kalehe, mkoani mwetu, ya Mei 2023, yaliyoua zaidi ya watu 400, wanajua mteremko usio na miti unavyopokea mvua. Nasema tu kwamba kiwanda chenye njaa ya mbao hakitangoja mkulima aamue mwenyewe siku ya kukata.

Kuhusu maji, mwandishi alitaja Ruzizi kana kwamba ni mto wetu peke yetu. Uruguay iliporuhusu kiwanda cha rojo kijengwe Fray Bentos, kando ya mto unaoitenganisha na Argentina, Argentina iliishtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hukumu ya Aprili 2010 ilisema kwamba Uruguay ilikosea kwa kutoijulisha jirani yake ipasavyo, ingawa haikuthibitika kwamba kiwanda kilikuwa kimeuchafua mto. Hao ni majirani wawili wasiopigana. Ruzizi una majirani watatu, Congo, Rwanda na Burundi, na hali ya eneo letu tunaijua sote.

Kuna pia mifano ya karibu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, nchini Kenya, kilichoutegemea mto Nzoia, kilifungwa mwaka 2009 kikiwa na madeni, na mji uliokua kwa ajili yake ukabaki ukiwa. Kile cha Mgololo, Tanzania, kinafanya kazi, lakini nyuma yake lipo shamba la miti la serikali la Sao Hill, lililopandwa misonobari kwa miongo mingi kabla.

Misonobari ndiyo inayonileta kwenye jambo ninalotaka lifikiriwe. Nyuzi za mkaratusi zina urefu wa milimita 1 hivi: nzuri kwa karatasi laini ya kuandikia, hafifu kwa boksi. Nyuzi za msonobari hufika milimita 3, na ndizo zinazoifanya katoni isipasuke. Nyuzi hizo ndefu tayari zinaingia Bukavu kila siku, katika maboksi yaliyobeba sabuni, biskuti, dawa na samaki wa kopo. Nenda soko la Kadutu, hapa Bukavu, jioni uone maboksi yaliyokunjuliwa: machache hununuliwa tena na wachuuzi, mengine hutandikwa chini ya mboga, na yaliyobaki huchomwa au husukumwa na mvua kwenye mifereji. Dukani kwangu, kila tunapokata karatasi za vitabu vya risiti, vipande vyeupe vya pembeni hujaza gunia, nalo huchukuliwa na mama wa maandazi kuwashia makaa. Duniani kote, karibu nusu ya nyuzi zinazotengeneza karatasi hutoka kwenye karatasi zilizotumika. Sisi tunazichoma.

Kuzirejeleza hakuhitaji tanuru la maji meusi. Mfano ni trei za mayai: karatasi hulowekwa, hupondwa kwenye pipa lenye visu, rojo hunyonywa kwenye kalibu yenye wavu, kisha trei hukaushwa juani au kwa moto. Nakiri kwamba maboksi mengi kutoka Asia yametengenezwa kwa nyuzi zilizokwisha kurejelezwa mara kadhaa na hayafai kuwa maboksi tena. Kwa trei yanatosha kabisa. Umeme wa mashine hizo ni mdogo, ingawa kwa mikatiko tuliyoizoea hata huo mdogo utahitaji jenereta, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu mapema.

Kinachokosekana ni mahali pakavu. Katoni ikishalowa na kuchanganyika na maganda ya ndizi haina mnunuzi. Naziomba kamati za masoko ya Kadutu na Nyawera zitenge banda moja lenye paa, maboksi yapelekwe huko kabla ya kukutana na taka nyingine na yapimwe kwa kilo, ili atakayetaka kuanzisha kazi hii ajue kwa mwezi atapata tani ngapi. Magunia ya vipande vya duka langu nitayaleta bila malipo.

Mchapaji,
Ibanda, Bukavu